Taa ya tairi haizibwi kwa selotepu

KUNA tabia moja ambayo vijana tunaomiliki gari la kwanza tunapaswa kuiacha. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, ile yenye umbo kama la sufuria na alama ya mshangao katikati, mwenye gari haulizi imewaka kwa nini. Anauliza itazimwaje.

Wapo wanaobandika kipande cha selotepu nyeusi juu yake. Wapo wanaomlipa fundi aifute kwa kompyuta, au afungue dashibodi na kung'oa kataa kenyewe. Taa ikishatoweka, jamaa anaongeza muziki na kusema ndai imepona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuacha ulivyo, tukaenda kumziba mdomo anayetuonyesha ufa wenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Kama gari lako lilikuja na vihisi vya upepo wa tairi, au sensa kama mafundi wanavyoviita, na vimekufa, panga kuvibadilisha. Kama mfuko haujaruhusu, iache taa iwake na ununue geji ya kupimia upepo. Ila usiinyamazishe taa hiyo, na zaidi ya yote, usimuuzie kijana mwenzako gari ambalo umelinyamazisha.

Taa ina lugha mbili

Wengi wetu hatujui kwamba taa hii husema mambo mawili tofauti.

Ikiwaka na kukaa tuli, bila kumetameta, inakuambia kwamba kuna tairi iliyopungukiwa na upepo. Hapo unatafuta mahali salama, unasimama na kupima tairi zote nne.

Ikianza kwa kumetameta kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikakaa tuli, inasema kitu kingine: mfumo wenyewe ndio mgonjwa. Mara nyingi ni sensa moja au zaidi ambayo haisikiki tena. Tairi zako huenda ziko sawa kabisa, ila gari halina njia ya kujua.

Mtu asiyejua tofauti hii huhangaika. Anaweka upepo Jumatatu, taa inarudi. Anaweka tena Jumatano, taa bado ipo. Kufikia Ijumaa amechoka, na fundi anamwambia, "Boss, hiyo taa si kitu. Tairi ziko sawa, nimezigonga na mguu." Selotepu inatolewa. Kumbe tatizo halikuwa upepo tangu mwanzo, na hakuna tairi inayopimwa kwa teke.

Taa iliyoletwa na vifo

Watu huona taa hii kama pambo la magari ya matajiri. Historia yake haina anasa yoyote.

Mnamo mwaka wa 2000, kampuni ya Firestone iliita sokoni tairi takriban milioni 6.5 nchini Marekani. Nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Ngozi ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwa kasi, na gari linapinduka. Zaidi ya watu 200 walifariki.

Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama. Ford ilikuwa imependekeza PSI 26 kwa gari hilo. Firestone ikasema ingefaa iwe 30. Hata ukiacha kando nani alikuwa na makosa zaidi, somo moja lilibaki: upepo mdogo, mzigo na joto vikikutana kwenye tairi, matokeo ni mauti. Mwaka huo huo bunge la Marekani likapitisha sheria iliyodai kwamba magari yawe na mfumo wa kumwonya dereva. Kufikia Septemba 2007, kila gari jipya dogo lililouzwa nchini humo lilitakiwa kuwa nao.

Ulaya nayo ikafuata. Tangu Novemba 2014, kila gari jipya la abiria linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo huo. Uingereza ilienda hatua moja zaidi: tangu 2015, gari lililoanza kutumika Januari 2012 au baadaye huanguka ukaguzi wa kila mwaka iwapo taa hiyo inaonyesha kwamba mfumo una hitilafu.

Sasa hebu fikiria. Gari linalokatazwa cheti kule Uingereza kwa sababu ya taa hiyo, likishuka bandarini Mombasa, taa ile ile inageuka kuwa kero ya kuzibwa. Gari halikubadilika. Tairi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba huku hakuna anayetuuliza.

Kwa nini sensa hufa

Sensa ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya tairi, kikiwa kimeshikanishwa na vali ile ya kuwekea upepo. Hupima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Kila sensa ina nambari yake ya kipekee, mithili ya kitambulisho, ili gari lisichanganye tairi zake na za gari lililoegeshwa kando.

Ndani ya sensa kuna betri ndogo iliyozibwa kabisa kwa plastiki. Huwezi kuichaji, wala huwezi kuitoa na kuweka nyingine. Ikiisha, sensa nzima imekwisha. Kwa kawaida hudumu kati ya miaka mitano na kumi.

Sasa piga hesabu ya Kikenya. Kanuni ya KEBS inaruhusu gari kuukuu kuingia nchini likiwa halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Vijana wengi hatununui gari la mwaka jana. Tunanunua lile la miaka saba au minane kwa sababu ndilo linalotoshea mfuko. Kwa hivyo gari linapofika kwako, betri za sensa zake ziko ukingoni. Na kama wewe ni mnunuzi wa pili au wa tatu hapa nchini, gari lina miaka kumi na mbili, basi usishangae zote nne zikifuatana kuzima ndani ya miezi michache. Zilizaliwa siku moja.

Hii ndiyo maana nasema si bahati mbaya wala si gari "bovu". Ni kitu kinachoisha, kama vile brekipedi zinavyoisha. Tofauti ni kwamba brekipedi zikiisha hupiga kelele, nasi tunazibadilisha. Sensa ikiisha huwasha taa, nasi tunaiziba.

Kwanza ujue kama unazo

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kama gari lako lina sensa ndani ya tairi. Hapa ndipo vijana wanapoliwa.

Japani haikulazimisha mfumo huu kwenye magari yake ya nyumbani. Magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabara zetu, hayana kabisa. Kama taa hiyo haimo kwenye dashibodi na haijatajwa kwenye kitabu cha gari, huna cha kubadilisha. Endelea na geji yako.

Halafu kuna magari yenye taa lakini yasiyo na sensa ndani ya tairi. Hayo hutumia vihisi vya ABS vinavyohesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi iliyopungukiwa na upepo hupungua kimo kidogo, kwa hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na gari linashtuka. Kwa mfumo huu dawa mara nyingi ni bure: weka upepo sawa kwa tairi zote, kisha bonyeza kitufe au nenda kwenye menyu ya gari uliambie lianze kuhesabu upya. Ukishabadilisha tairi au kujaza upepo bila kufanya hivyo, taa inaweza kukusumbua wiki nzima.

Mtu wa aina hii akiuziwa sensa nne, amenunua hewa. Kitabu cha gari kitakuambia una mfumo gani. Kama kitabu kiko kwa Kijapani au hakipo, mwombe fundi aliye na mashine ya kusoma sensa aipitishe karibu na vali kabla ya kufungua tairi. Vali ya chuma yenye nati kwenye rimu huwa dalili ya sensa, ingawa zipo sensa zinazokaa kwenye vali ya raba pia.

"Mzee wangu aliendesha bila sensa"

Najua hoja inayokuja. "Mzee wangu aliendesha Peugeot 504 miaka ishirini na hakuwa na hizo sensa zenu. Mbona hakupinduka?"

Ni hoja nzito na sitaikwepa. Ni kweli gari linaweza kuendeshwa salama bila sensa. Maelfu ya magari hapa nchini hayana. Lakini mzee wa Peugeot hakuwa na taa ya kumdanganya. Alijua kwamba hakuna kitakachomwambia, kwa hivyo aliangalia mwenyewe. Kila asubuhi alizunguka gari, akachungulia maji, akapima oili, akatazama tairi.

Sisi tumekaa katikati pabaya. Tumerithi gari linaloahidi kutuonya, tukaacha kuangalia kwa sababu lina taa, kisha tukaiua taa. Gari lisilo na taa halisemi uongo. Gari lililozibwa taa linasema kila siku kwamba mambo ni shwari, na halina habari.

Pia, macho hayatoshi. Tairi za siku hizi huvimba kidogo upande wa chini hata zikiwa na upepo kamili. Tairi yenye PSI 24 na yenye PSI 32, ukiziweka bega kwa bega, wengi wetu hatutazitofautisha. Lakini ile ya 24 inajikunja zaidi kila inapozunguka, na kujikunja huko kunazalisha joto. Kwenye barabara ya mtaani huenda usione chochote. Kwenye safari ya saa tano, watu watano ndani na buti limejaa, joto hilo halina pa kwenda.

Tafakari safari ya Nairobi hadi Mombasa. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ya nje husukuma tairi kwa nguvu ndogo. Ukiteremka hadi pwani, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na geji ile ile itasoma karibu PSI 2 hadi 3 chini, ukipima tairi ikiwa imepoa na kama joto la mahali lingekuwa sawa. Joto la pwani hurudisha sehemu ya hizo, lakini si zote. Kwa hivyo kijana aliyeondoka Nairobi na PSI 28 akidhani anakaribia 32 inayotakiwa, anafika Mombasa akiwa na pungufu zaidi, baada ya kubeba mzigo juani kutwa nzima.

Sensa pia si malaika. Kwa viwango vya Marekani, taa inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kama gari linataka PSI 32, hiyo ni 24. Ina maana kwamba hata mwenye sensa nzima bado anahitaji geji, kwa sababu taa humwonya amechelewa. Taa ni ya dharura, kwa mfano msumari uliokuchoma ukiwa kwenye barabara kuu. Geji ndiyo ya kila mwezi, kwa kuwa tairi nzima kabisa hupoteza PSI moja au mbili kwa mwezi bila kuchomwa na kitu.

Ukibadilisha, badilisha kwa akili

Sasa tuseme umethibitisha kwamba gari lina sensa na zimekufa. Fanya hivi.

Subiri siku ya kubadilisha tairi, ikiwa haiko mbali. Kazi kubwa ya kubadilisha sensa ni kutoa tairi kwenye rimu. Ukinunua tairi mpya, kazi hiyo unailipia tayari. Kumwambia fundi aweke sensa siku hiyo hiyo ni busara kuliko kurudi miezi mitatu baadaye ulipe tena.

Kama gari lina zaidi ya miaka minane na sensa moja imekufa, fikiria kubadilisha zote nne kwa pamoja. Tatu zilizobaki zina umri ule ule. Ukibadilisha moja leo, mwezi ujao utarudi kwa nyingine, na kila mara unalipa kufungua tairi.

Usinunue sensa iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Hata ikiwa bei ni tamu na muuzaji anaapa kwa jina la mamake, betri yake imezeeka kama yako. Unanunua ugonjwa ule ule.

Uliza mawimbi. Magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Ulaya na Uingereza hutumia sensa za megahezi 433. Ya Marekani mengi hutumia 315. Sensa ya 315 ukiiweka kwenye gari linalosikiliza 433, itakuwa kama mtu anayekupigia simu kwa nambari ambayo si yako. Itatuma, hakuna atakayesikia. Beba nambari ya chesi unapoenda kununua, na kama tairi imeshafunguliwa, beba sensa kuukuu yenyewe. Maandishi yaliyo mgongoni mwake ndiyo yatakayokuelekeza.

Hakikisha gari limetambulishwa kwa sensa mpya. Kufunga sensa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni gari kujua nambari mpya. Kuna magari yanayojifunza yenyewe ukiyaendesha dakika kadhaa. Mengine yanahitaji mashine inayochomekwa chini ya usukani. Zipo pia sensa za kuandikwa, ambapo fundi hunakili nambari ya sensa kuukuu na kuipa mpya, gari lisijue hata kwamba kuna mgeni. Muulize fundi kabla ya kulipa: "Hii gari yangu itazisoma vipi?" Asipokuwa na jibu, mshukuru na uende kwa mwingine.

Mwonyeshe fundi wa pancha mahali sensa ilipo. Iko nyuma ya vali. Akianza kukwatua tairi kwa vyuma hapo hapo, ataivunja kabla haijamaliza siku moja. Na uwe mwangalifu na zile dawa za maji zinazomwagwa ndani ya tairi kuziba pancha. Baadhi yake huziba tundu la sensa na kuifanya isome vibaya.

Mwisho, jali vali. Tumia kofia ya plastiki, si zile za chuma zinazong'aa zinazouzwa barabarani. Kwenye vali ya aluminiamu, kofia ya chuma cha aina nyingine huweza kushikana kwa kutu, hasa kwa wanaoishi Pwani ambako hewa ina chumvi. Siku ukitaka kuweka upepo, kofia haitoki. Ukilazimisha, unavunja vali pamoja na sensa. Kwa kofia ya shilingi chache, umeua kifaa cha maelfu.

Na ninyi wapenda rimu, mnisikize. Ukibadilisha rimu za gari ili lipendeze, sensa zako zimo ndani ya zile kuukuu. Ukiziuza, umeuza na sensa. Halafu unashangaa taa imewaka siku ile ile umeweka rimu mpya. Zitoe kwanza kama bado zinafanya kazi, au weka hesabu ya sensa kwenye bajeti ya rimu.

Kama hakuna pesa

Sitajifanya kwamba kila kijana anaweza kununua sensa nne leo. Gari lenyewe huenda ni la mkopo, bima inakaribia kuisha, na petroli haijashuka.

Kwa hivyo kuna mpangilio. Tairi kwanza. Kama tairi zako ni kipara, usizungumze nami kuhusu sensa, nunua tairi. Tazama pia umri wake: kwenye ubavu kuna tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2314, tairi hiyo iliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Inaweza kuwa na meno mazuri na bado imezeeka.

Pili, geji. Bei yake haifikii hata ya nusu tangi ya petroli. Pima asubuhi kabla hujaliendesha gari, tairi zikiwa baridi, na ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kile alichokuambia jirani. Usipunguze upepo tairi ikiwa moto. Imepanda kwa sababu ya joto, ikipoa itashuka.

Tatu, kuna mifumo ya bei nafuu inayotumia sensa za nje, unazozifunga mahali pa kofia za vali, na kioo kidogo unakiweka kwenye dashibodi. Haizimi taa ya gari, lakini hukuonyesha upepo wa kila tairi. Udhaifu wake ni kwamba kiko nje: mwizi anaweza kuondoka nacho ukiwa unakunywa chai. Hata hivyo, kwa gari la zamani ni afadhali hicho kuliko selotepu.

Kisha, ukipata nafasi, sensa zenyewe. Wakati huo wote, taa iache iwake. Ikikukera, vizuri. Ndiyo kazi yake.

Wanaoumia ni wengine

Ningenyamaza kama kila aliyeziba taa angekuwa anahatarisha gari lake pekee. Lakini vijana wengi huendesha magari ambayo si yao. Wanaobeba abiria wa Uber na Bolt kwa gari la tajiri, wanapeleka hesabu kila jioni. Dereva akimwambia mwenye gari kwamba taa ya tairi inawaka, jibu ni, "Wewe endesha tu, hiyo ni taa." Mwenye gari yuko nyumbani. Dereva na abiria watatu ndio walio kwenye Thika Road saa tano usiku.

Kwa madereva hao nasema: beba geji yako mwenyewe. Na ukiona taa inametameta, mwandikie mwenye gari ujumbe, usimwambie kwa mdomo pekee. Kesho likitokea la kutokea, "nilikuambia" isiyo na ushahidi haina uzito.

Kwa wanunuzi, kuna kipimo cha sekunde tano. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya tairi inafaa kuwaka kwa muda, kisha izime. Kama gari ni la kuwa na taa ya tairi na hiyo haikuwaka hata kidogo, kuna aliyeigusa. Usikubali hadithi. Muulize muuzaji, na upunguze bei kwa gharama ya sensa nne. Halafu jiulize: aliyeficha taa ya tairi, ameficha nini kingine? Anayeweza kufuta taa kwa kompyuta anaweza pia kurudisha mita nyuma.

Kwa wenye yadi, nina ombi moja tu: uzeni gari taa ikiwa imewaka. Andikeni kwenye karatasi, "Sensa za tairi zinahitaji kubadilishwa." Mnunuzi ataomba punguzo, ndiyo. Lakini atarudi kwenu kununua la pili.

Na kwa vijana walio kwenye vyuo vya kiufundi wakilia kwamba gereji zimejaa, fungueni macho hapa. Magari yenye sensa yanaendelea kuingia, na kila moja litafika siku betri zake zitakapoisha. Fundi wa pancha aliye na mashine ya kusoma na kuandika sensa, anayejua 433 na 315, na anayeweza kumweleza mteja kwa lugha rahisi, hatalazimika kupigania wateja na wenzake kumi wenye jeki na vyuma viwili. Badala ya kulipwa ili kuiua taa, lipweni kwa kuifufua.

Najua selotepu ni rahisi kuliko haya yote. Lakini tairi haisomi dashibodi. Haijui kama umeiziba taa au la. Inachojua ni upepo ulio ndani yake, mzigo ulio juu yake na lami ya moto iliyo chini yake. Wikendi hii, kabla hujatoka na marafiki, chukua dakika kumi. Pima tairi nne na ya tano iliyo kwenye buti. Na kama kuna selotepu kwenye dashibodi yako, ibandue.